Kupamba nyumba Skyrim: amri, modi ya kusogeza, nyumba iliyokamilika au Creation Kit?

Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na mpaka leo gemu lenyewe halikupi njia ya kuchukua meza ukaiweka unapotaka. Ukinunua Breezehome pale Whiterun kwa sarafu 5,000, msimamizi wa jarl, yaani mtawala wa eneo hilo, anakuuzia mapambo kwa mafungu: jiko fungu lake, chumba cha kulala fungu lake, maabara ya dawa fungu lake. Unalipa, unarudi nyumbani, unakuta kila kitu kimeshapangwa. Nyongeza rasmi ya Hearthfire ya mwaka 2012 iliongeza viwanja vitatu vya kujijengea, yaani Lakeview, Windstad na Heljarchen, lakini hata huko unachagua nini kijengwe tu. Kikae wapi, Bethesda, watengenezaji wa gemu, walishaamua.

Kwa hiyo anayetaka nyumba inayofanana naye anaishia kwenye modi, yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji, na akifika huko anakuta wingi unaochanganya. Ushauri anaopewa mara nyingi ni "pakua hii, ni kali". Kali kwa nani? Mtu anayetaka kuhamisha kiti kimoja na mtu anayetaka kasri lenye makabati ya kuonyeshea silaha hawahitaji kitu kimoja. Kabla ya kupakua chochote, kuna swali moja la kujiuliza ambalo huamua karibu kila kitu kingine: ukishapanga, mpangilio wako unaandikwa wapi?

Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni sevu yako, lile faili la mhusika unayemchezesha. Ya pili ni plagini, faili la pembeni ambalo gemu hulisoma kila linapowaka. Kilichoandikwa kwenye sevu ni chako peke yako na cha mhusika huyo tu. Ukianza mhusika mpya, nyumba inarudi ilivyokuwa. Kilichoandikwa kwenye plagini kinamfuata kila mhusika, unaweza kukiwasha na kukizima, lakini kukibadilisha kunahitaji kutoka nje ya gemu. Ukishalishika hilo, njia zote zinajipanga zenyewe.

Jambo moja la maneno kabla hatujaenda mbali: nikisema konsoli namaanisha Xbox na PlayStation. Lile dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta nitaliita dirisha la amri, tusije tukachanganyana.

Mkono mtupu, ili ujue unakimbia nini

Hata bila modi unaweza kupamba. Unashikilia kitufe cha E, kitu kinaning'inia mbele yako, unakipeleka mezani, unaachia. Kwa gurudumu la jibini inafaa. Kwa kitabu unachotaka kisimame wima, au panga unalotaka lilale sambamba na ukingo wa meza, ni mateso: namna pekee ya kukizungusha ni kukigongesha ukutani na kuomba kigeuke upande unaoutaka.

Halafu kuna Havok, mfumo wa fizikia wa gemu. Kila unapoingia chumbani, vitu vyote vinavyoshikika vinawekwa upya, na vikiwa vimebanana vinasukumana. Unafungua mlango, unasikia kishindo, vikombe viko sakafuni. Wachezaji wa zamani wana dawa yao: dondosha kitu chini, toka nje ya nyumba, rudi, ndipo ukipange. Inasaidia, kwa sababu kitu kilichodondoshwa na kupangwa kwa mkupuo mmoja hupenda kurudi kilipoangukia. Lakini chanzo kikubwa cha vurugu, hasa kwenye kompyuta yenye nguvu, ni kasi ya fremu. Fizikia ya Skyrim ilitengenezwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Ukiachia gemu likimbie hadi 120 au 144, sahani zinaruka kabla hata hujazigusa. Funga kasi kwenye 60, au kama unacheza Special Edition, lile toleo jipya lililoboreshwa, weka modi ya SSE Display Tweaks, ambayo huirekebisha fizikia iendane na kasi ya skrini yako. Fanya hivyo hata kama hutafuata neno lingine lolote hapa, maana hakuna modi ya mapambo itakayokuokoa na tatizo ambalo si la mapambo.

Na usipange vitu vyako mahali pasipo pako. Ndani ya pango au nyumba ya mtu mwingine, gemu hurudisha kila kitu kilivyokuwa baada ya siku 10 za mchezo bila wewe kupita hapo, au siku 30 kama ni mahali ulikokwisha kupasafisha maadui. Nyumba unazonunua zimeondolewa kwenye utaratibu huo.

Dirisha la amri

Hii ndiyo njia isiyohitaji kupakua kitu. Iko kwenye kompyuta tu. Unabonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, gemu linasimama, unabofya kiti, na juu ya skrini inatokea namba yake ya utambulisho. Kuanzia hapo kiti kinakusikiliza.

Tuchukue kiti hicho hicho kimoja. Unaandika getpos x, gemu linakujibu kwa namba. Kipimo cha ndani cha Skyrim ni kidogo: takriban vipimo 70 hufanya mita moja. Ukitaka kiti kisogee nusu mita, unaongeza 35 kwenye namba uliyopewa na kuandika setpos x ikifuatiwa na jumla yake. Kama kimekwenda upande usioutaka, basi ulitaka mhimili wa y, au ulitaka kutoa badala ya kujumlisha. Mhimili wa z ni wa juu na chini. Kukigeuza ni setangle z ikifuatiwa na nyuzi, kukikuza au kukipunguza ni setscale, kukificha ni disable. Mara nyingine kitu kimehama lakini macho bado yanakiona pale pale. Andika disable, kisha enable, kitaonekana kilipo kweli.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haileti skripti (msimbo wa ziada unaoendeshwa ndani ya gemu), haileti plagini, haigombani na modi yoyote. Ubaya wake ni kwamba unapanga nyumba kwa hesabu. Kugeuza kwenye mhimili wa z peke yake ni rahisi, ila ukianza kuinamisha kitu kwenye x na y kwa pamoja kinakwenda pembe ambazo hukuzitarajia, na unaweza kumaliza jioni nzima ukisaka pembe ya ngao moja. Kwa vitu viwili vitatu vinavyokukera, hakuna njia bora kuliko hii. Kwa chumba kizima, utachoka kabla hakijaisha.

Kuna hila ambayo wengi hawaijui, nayo inaibadilisha kabisa hesabu ya wapi mpangilio unaishi. Unaweza kuandika amri zako zote kwenye faili la maandishi la kawaida, ukaliweka kwenye folda kuu ya gemu, kisha ndani ya gemu ukaandika bat na jina la faili. Amri zote zinatekelezwa mara moja. Kwa kuwa samani zilizokuja na gemu zina namba zisizobadilika, faili lile lile linafanya kazi kwa kila mhusika unayemwanzisha: unaita kitu kwa prid na namba yake, unafuata na setpos na setangle. Mpangilio wako sasa uko kwenye faili unaloweza kulibeba. Mpaka wake ni huu: vitu ulivyoviumba mwenyewe kwa placeatme hupewa namba mpya zinazoanza na FF, na kwa mhusika mwingine namba hizo hazitakuwa hizo. Hivyo faili hilo linafaa kuhamisha vilivyopo, halifai kukumbuka vipya.

Modi za kusogeza

Hapa jina linalotajwa sana ni Jaxonz Positioner, iliyoanzia Skyrim ya awali na baadaye ikahamishiwa Special Edition. Inafanya yale yale ya dirisha la amri, kwa vitufe, huku unaona. Unalenga kitu, unakichagua, unakisogeza kidogo kidogo, unakizungusha, unakikuza, unakinakili. Hakuna namba za kukumbuka. Na haijali kama kitu hicho kilikusudiwa kuhamishwa: itasogeza kikombe, kabati, nguzo, hata ukuta. Hilo la ukuta lifanye ukiwa na sevu ya akiba.

Kuna pia ukoo wa modi ambazo hukupa samani kama vitu vya kubeba begini: unafika, unaweka kapeti chini, unalirekebisha kwa vitufe, ukilichoka unaliokota. Ukoo huu unamfaa mwenye chumba kitupu. Positioner inamfaa mwenye chumba kilichojaa vitu vilivyokaa vibaya. Wengi huweka zote mbili, na sioni ubaya.

Gharama yake inaanza kabla hujaingia ndani ya gemu. Modi za namna hii huegemea SKSE, kiendelezi cha skripti kinachoanzisha gemu badala ya programu yake ya kawaida, na mara nyingi huhitaji SkyUI kwa ajili ya menyu ya kupangia vitufe. SKSE imefungwa na toleo halisi la gemu. Ya 1.5.97 haifanyi kazi kwenye 1.6, na hata ndani ya 1.6 yenyewe matoleo hayachanganyiki. Steam ikisasisha gemu usiku, asubuhi SKSE imekataa na kila kinachoitegemea kimekufa nayo. Zuia masasisho ya moja kwa moja kabla hujaanza kupamba. Wa konsoli wasahau: SKSE haipo kwao.

Halafu kuna mambo matatu ambayo picha nzuri za watu hazikuonyeshi.

La kwanza ni mwanga. Kwenye Skyrim, mshumaa unaouona na mwanga unaoangukia ukutani mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Unahamisha kinara kutoka kona hii kwenda kona ile, na kona ya kwanza inabaki inang'aa bila sababu huku ya pili iko gizani na mshumaa wake unawaka. Taa zile ambazo umbo na mwanga ni kitu kimoja huhama vizuri; jaribu kimoja kimoja kabla hujajenga chumba kizima juu ya wazo la mwanga. Na usijaze. Injini huhimili taa nne tu zenye kutoa kivuli kwa wakati mmoja mahali unapotazama. Zikizidi, zinaanza kuwaka na kuzima kadiri unavyogeuza kichwa.

La pili ni vibao vya silaha. Kibao cha ukutani kina umbo lake na kina kisehemu kisichoonekana kinachosikiliza ukibonyeza. Sogeza umbo, kisehemu kinabaki ukutani pale pale, na panga lako litatundikwa hewani mahali kibao kilipokuwa. Masanamu ya kuvalisha mavazi nayo yana vituko vyake: kwa injini, lile sanamu ni mtu, ni mhusika aliyeamriwa asimame. Ndiyo maana mara moja moja unarudi nyumbani ukakuta limesogea. Ukitaka vibao na masanamu mahali tofauti, nenda kwenye nyumba iliyokamilika au kwenye Creation Kit, programu ya kuhariri gemu tutakayoifikia chini, usipigane navyo kwa vitufe.

La tatu ni Lydia, mlinzi wako anayeishi Breezehome. Wahusika hutembea kwa kufuata ramani isiyoonekana iliyochorwa sakafuni, na ramani hiyo haijui kwamba umehamisha meza. Kwake yeye katikati ya sebule bado ni peupe. Ataijia meza, ataisukuma kwa kifua, atatembea pale pale bila kwenda popote, na wewe umekwama nyuma yake kwenye korido ile nyembamba ya ghorofani. Acha njia za asili wazi. Panga kwenye kuta na kwenye kona, na fungu kubwa la samani liweke mahali ambapo gemu nalo liliweka samani.

Sasa swali letu: mpangilio uko wapi? Uko kwenye sevu. Meza ya gemu uliyoihamisha itabaki ulipoiweka hata ukiiondoa modi, kwa sababu sevu imeshaandika mahali pake papya. Ila samani zilizoletwa na plagini ya modi zitatoweka siku plagini ikitoka, na skripti zake zitaacha mabaki ndani ya sevu. Kuondoa modi zenye skripti katikati ya safari ni tabia mbaya kwa ujumla. Kwa modi za mapambo ni mbaya mara mbili, kwa sababu umejenga juu yake.

Pamoja na hayo yote, kwa mtu wa kompyuta mwenye mhusika mmoja anayempenda na asiye na haraka ya kuanza mwingine, hapa ndipo ningemtuma. Hakuna njia nyingine inayokupa furaha ya kurudi kutoka mapangoni na fuvu la joka, ukasimama sebuleni ukisema hili litakaa hapa, ukaliweka hapo hapo.

Kubadilisha sura bila kuhamisha kitu

Kwa ufupi, maana si mapambo kamili: kuna modi kama SMIM ambazo hubadilisha maumbo na rangi za vitu vilivyopo. Meza inabaki meza ile ile mahali pale pale, ila sasa kingo zake ni za mviringo na mbao zake zina nyuzi. Haziandiki chochote kwenye sevu, unaziondoa siku yoyote. Zinagusa dunia nzima, si nyumba yako tu. Watu wengi wanaosema Breezehome ni mbaya, ukiwauliza vizuri, wanachokichukia ni sura ya vitu na siyo mpangilio. Anza hapa, huenda usihitaji zaidi.

Nyumba iliyokamilika

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo pekee ya maana kwa watu wa konsoli. Mtu mwingine ameshakaa kwenye Creation Kit, amepanga kila kijiko, wewe unapakua na kuingia ndani. Kila kitu kimo kwenye plagini: vibao vinafanya kazi, masanamu yako mahali pake, ramani ya kutembelea imechorwa upya kuzunguka samani, na vyungu vingi vya mapambo vimefanywa visishikike, kwa hiyo haviruki. Nyumba nzuri za aina hii zina kiasi cha vitu ambacho wewe kwa vitufe ungekifikia baada ya miezi.

Ziko za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Namna ya kwanza hukarabati nyumba iliyopo: Breezehome mpya, Proudspire mpya. Inapendeza kwa sababu unaendelea kuishi mjini na hadithi ya gemu haikatiki. Nyumba unainunua kwa njia ile ile. Lakini inagusa chumba ambacho modi nyingine nyingi zinakigusa. Modi mbili zikiweka kitanda na kabati kwenye kona moja, unapata kitanda ndani ya kabati. Kanuni ni kwamba plagini inayosomwa mwisho hushinda pale zinapobadilisha kitu kile kile, ila zinapoongeza vitu tofauti, vyote vinatokea. Chagua mkarabati mmoja kwa kila nyumba, basi.

Namna ya pili huongeza nyumba mpya kabisa mahali palipokuwa patupu. Ndani yake hakuna anayegombana nayo. Ugomvi unaweza kutokea nje tu, pale mlango ulipochomekwa: kama modi nyingine imepanda msitu au kubadilisha ardhi ya eneo lile, utakuta mti umeota kibarazani. Ukiwa na modi nyingi, chagua namna hii.

Kabla ya kupakua, soma maelezo ukitafuta vitu ambavyo picha hazisemi. Je, wafuasi wako wanaweza kutembea ndani? Je, inafaa kuhamia na watoto unaowalea kupitia Hearthfire, au haina vitanda vyao? Je, mapambo yameganda? Hili la mwisho lina pande mbili: yaliyoganda hayaanguki, lakini pia huwezi kuyasogeza wala kuyatoa, na ukitaka kuweka jibini lako hakuna hata upenyo mezani. Nyumba nyingi zinazosifiwa zimejaa hadi kwenye kingo. Ni nzuri kupiga picha. Kuishi humo ni sawa na kulala kwenye chumba cha maonyesho: kila rafu imeshakaliwa na kumbukumbu za mtu mwingine. Mimi napendelea zile zilizoachwa na rafu tupu kwa makusudi, na hata waandishi wake husema hivyo kwenye maelezo.

Legacy of the Dragonborn inastahili kutajwa peke yake, maana inageuza suala zima. Ni jumba la makumbusho kule Solitude, na vitu unavyovipata safarini vinakaa kwenye maonyesho vyenyewe ukishaviweka kwenye kituo chake cha kupokelea. Hupangi, unakusanya. Ndani yake mna makazi yako pia. Kama raha yako ni kuona ukuta ukijaa na siyo kuchagua ukuta ujae vipi, hakuna kinachoifikia. Ila ni modi kubwa, inataka viraka vya kuiunganisha na modi nyingine zinazoongeza vitu, na si kitu cha kuweka katikati ya safari.

Kwa wa konsoli, mipaka ni hii. Xbox hukupa GB 5 za modi kwa jumla. PlayStation 4 hukupa takriban GB 1, na hairuhusu maumbo wala rangi kutoka nje ya gemu. Kila nyumba huko imejengwa kwa vitu vya Skyrim yenyewe. Si ubaya sana. Mikono mizuri hufanya maajabu na vyungu vile vile.

Na onyo moja kwa wote: kabla hujaondoa nyumba ya modi, toa kila kitu chako ndani. Masanduku ni ya plagini. Plagini ikienda, yanakwenda na vyote vilivyomo.

Creation Kit

Ni programu ile ile ambayo gemu lilitengenezewa, ikatolewa bure kwa wachezaji wa kompyuta mwezi Februari 2012. Madirisha yake ni mengi, jina la kitu unachokitafuta hulijui, na huanguka bila kuaga, kwa hiyo hifadhi kazi mara kwa mara. Baada ya siku za mwanzo za kulaani, utagundua kwamba kupanga chumba humo ni kwepesi kuliko kwa vitufe ndani ya gemu: unavuta kitu kwa kipanya, unanakili kwa Ctrl na D, unabonyeza F kinashuka hadi kikutane na kilicho chini yake.

Hapa ndipo mambo yote yaliyotushinda hapo juu yanapatikana. Taa unaiweka mwenyewe, umbo na mwanga pamoja. Ramani ya kutembelea unaichora upya, Lydia anazunguka meza. Kikombe unachotaka kishikike lakini kisirushwe na fizikia unakiwekea alama ya kutotulizwa na Havok, au unakibandika skripti ya defaultDisableHavokOnLoad ambayo imo ndani ya gemu tayari. Kwenye Special Edition, plagini ndogo unaweza kuitia alama ya kuwa nyepesi, isile nafasi kwenye zile plagini 254 za kawaida.

Kosa la wanaoanza ni kufuta. Wanafungua chumba cha Breezehome, hawakitaki kitanda, wanabonyeza Delete. Modi nyingine ikija kukigusa kitanda hicho ambacho hakipo tena, gemu linaanguka. Usifute kitu cha gemu. Kipe alama ya kuanza kikiwa kimezimwa, au kisukume chini ya sakafu mbali. Ukiwa umeshafuta, xEdit, programu ya kukagua plagini, ina kazi ya kurudisha vilivyofutwa na kuvizima badala yake, na humo humo utaona plagini ipi inagombana na yako.

Ni kwa nani? Kwa anayeanza wahusika wapya kila mara na amechoka kupanga nyumba ile ile upya. Kwa anayetaka chumba kipya chenye umbo lisilopo. Kwa mtu wa nyumba moja na mhusika mmoja, ni mzigo usio na sababu.

Ukiniuliza kwa jina lako

Una kompyuta dhaifu au gemu safi usilotaka kulichafua: dirisha la amri, faili la bat, na modi moja ya kubadilisha sura ikiwa kadi ya picha inaimudu. Uko kwenye konsoli: nyumba mpya mahali patupu, yenye rafu tupu. Una orodha ndefu ya modi na hutaki kugusa chochote: hiyo hiyo. Unacheza mhusika mmoja kwa mwaka mzima na nyumba ndiyo roho ya mchezo wako: modi ya kusogeza, na SKSE iliyofungwa kwenye toleo moja. Unataka kujenga kwa uhuru kamili, na Skyrim si lazima: Fallout 4 ya 2015, gemu jingine la Bethesda, ilikuja na hali ya ujenzi ndani ya gemu lenyewe, na modi ya Place Everywhere huondoa makatazo yake mengi ya wapi kitu kinaruhusiwa kukaa.

Kuna pia mchanganyiko unaotumiwa na watu wenye subira, nao ndio ninaoupenda kuliko njia yoyote ikiwa peke yake. Panga ndani ya gemu kwa vitufe, ukiwa na mwanga wa kweli na macho ya mhusika wako, kwenye sevu usiyoijali. Kila kitu kikikaa unavyotaka, kibofye kwenye dirisha la amri, andika getpos na getangle kwa kila mhimili, nakili namba kwenye daftari. Kisha fungua Creation Kit, chumba kile kile, bofya kitu kile kile mara mbili, na uandike namba hizo hizo kwenye visanduku vya mahali na pembe. Vipimo ni vile vile pande zote mbili. Sevu ya majaribio unaitupa, plagini inabaki.